Mahame ya Ugalla na Mchezo wa Kuingia na Kutoka

Michezo ya wanadamu ni kivuli cha kazi zao na vita vyao. Mcheza bao huteka kete za mwenziwe akazipanda katika mashimo yake mwenyewe, kama watemi wa zamani walivyoteka vijana wa adui wakawafanya askari wao. Mchezo hupunguza ukali wa jambo, lakini umbo la jambo hubaki. Kwa hiyo mtu atakaye kujua thamani ya mchezo hana budi kulitafuta jambo ambalo mchezo huo ni kivuli chake, aliweke kando ya kivuli, kisha alinganishe.

Katika miaka hii umeenea mchezo mmoja wa kompyuta na simu ambao kwa Kiswahili wafaa kuitwa mchezo wa kuingia na kutoka. Kanuni yake ni nyepesi kueleza na nzito kutimiza. Mchezaji huchagua bunduki, risasi, dawa na mfuko kutoka ghala lake. Huingia katika nchi iliyohamwa. Huokota vitu vya thamani. Kisha hutafuta mahali pa kutokea. Katika nchi hiyo wamo wachezaji wengine, watu hai walioketi mbali mbele ya vioo vyao, nao wanataka vitu vile vile. Akitoka salama, vyote alivyobeba ni mali yake. Akiuawa, hupoteza alivyookota pamoja na alivyoingia navyo. Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na michezo mingine ya bunduki, ambamo aliyekufa huinuka baada ya nukta chache na silaha yake mkononi, kama kwamba hapana lililotokea.

Michezo ya namna hii sasa ni mingi, na kijana atakaye mmoja tu huona taabu kuchagua. Fedha ya mwanafunzi ni kidogo, na saa zake ni adimu kuliko fedha yake. Akiuliza wenzake, mara nyingi huambiwa achague ule wenye uhalisi zaidi. Lakini uhalisi ni nini? Wengi huupima kwa sura ya bunduki, jinsi chuma kinavyong'aa na mlio unavyovuma. Hicho ni kipimo cha fundi wa bunduki. Kipo kipimo kingine, cha mwanahistoria, nacho ni kuwatazama watu waliopata kuingia kweli katika nchi ya hatari, wakachukua, wakajaribu kutoka. Tanzania inayo nchi ambayo mambo hayo yametendeka mara nyingi. Nchi hiyo ni Ugalla, pamoja na majirani zake.

Ugalla ni jina la mto na la nchi. Mto hukusanya maji ya misitu ya miombo iliyo kusini na magharibi ya Tabora, hupita katika mabwawa mapana, kisha humwagika katika Malagarasi, ambao nao huingia Ziwa Tanganyika. Nchi ya mto huo leo imegawanyika kati ya Mkoa wa Tabora na Mkoa wa Katavi, ulioundwa mwaka 2012 ukiwa na makao yake Mpanda. Wenyeji wake wa kale ni Wagalla na Wakonongo. Kandokando yao wako Wanyamwezi, Wabende na Wapimbwe. Ardhi ina mbung'o wengi, kwa hiyo ng'ombe hawakustawi, na watu waliishi kwa kilimo, uwindaji, uvuvi na asali.

Mrina asali ndiye anayefaa kutangulizwa, maana yeye ndiye aliyeingia na kutoka bila kumwaga damu ya mtu. Huingia msituni na wenzake, hupiga kambi mbali na kijiji, hukagua mizinga ya magome aliyoitundika juu ya miti, hurina, kisha hurudi. Kila siku ya kazi hiyo ni hesabu. Asali ni nzito, njia ni ndefu, na wanyama wakali wapo. Anayejaza vyombo kupita nguvu zake huvitua njiani, na alichokitua hakuna wa kumtunzia. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi. Methali hii huweza kusomwa kama kanuni ya kwanza ya mchezo wa kuingia na kutoka, ingawa waliotunga hawakuota kompyuta.

Karne ya 19 ilileta hesabu nyingine. Meno ya tembo yalitakiwa Unguja, na kutoka huko yakaenda India, Ulaya na Marekani kutengenezwa bangili, vitasa, mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano. Wawindaji wa Unyamwezi na nchi za jirani walizama katika misitu wakiwa na mikuki na magobori. Gobori hujazwa mdomoni: baruti kwanza, kisha kizibo, kisha risasi, vyote vikishindiliwa kwa mdeki, na aliyekosa shabaha mara moja huenda asipate nafasi ya pili. Tembo akiuawa, desturi iliyoenea ilimpa mtemi wa nchi jino moja. Hivyo hata kabla ya kufika kwake, mwindaji alikuwa amekwisha lipa kwa ajili ya kutoka.

Kadiri pembe zilivyopanda bei ndivyo njia zilivyozidi hatari. Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamefanya makao Unyanyembe, mahali pa Tabora ya leo. Upande wa magharibi aliinuka Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekusanya rugaruga, vijana wa vita wasio na ukoo mmoja, wengi wao wakiwa mateka wa zamani au watu waliopotewa na makwao. Mirambo alitaka ushuru wa njia ya Ujiji uwe wake. Waarabu walikataa, na mwaka 1871 vita vikaanza.

Mwezi wa Agosti mwaka huo jeshi la Waarabu lilikwenda Urambo. Pamoja nalo alikuwamo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone. Kijiji cha Zimbizo kilitwaliwa. Kisha kikosi kilichoongozwa na kijana Soud, mwana wa Said bin Majid, kikaenda kushambulia Ulyankulu. Kazi ya kuingia ilikwenda vyema. Kikosi kilivunja boma, kikachukua meno ya tembo, nguo na watu wa kufanywa watumwa, kikageuza njia kurudi. Mirambo hakuwa amekimbia mbali. Aliwatangulia njiani na watu wake, wakalala katika nyasi ndefu kando ya njia. Wenye mizigo walipofika katikati, nyasi ziliinuka. Soud aliuawa na wengi pamoja naye, na mzigo wote ukarudi kwa waliokuwa wamenyang'anywa. Stanley aliandika habari hiyo kwa kuwa alikuwa amelala Zimbizo akiugua homa. Waliosalia walirudi Unyanyembe kwa mbio, na kabla mwezi haujaisha Mirambo mwenyewe aliingia Tabora, akaichoma sehemu yake, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa.

Yafaa mwanafunzi aisome habari ya Ulyankulu polepole. Soud hakushindwa kwa upungufu wa bunduki, wala kwa kutojua kuzitumia. Alikuwa mshindi mpaka saa ya kurudi. Kilichomwangusha ni uzito wa alivyochukua, wembamba wa njia, na adui aliyejua kwamba kila aliyeingia hana budi kutoka. Mtaka yote hukosa yote. Kiini cha mchezo wa kuingia na kutoka kimo hapa chote, tena kwa damu halisi, zaidi ya miaka mia moja kabla mchezo haujabuniwa.

Stanley alitoka katika mambo hayo na funzo. Mwezi wa Septemba 1871 aliiacha njia fupi ya Urambo, akazunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, nchi za miombo zipakanazo na Ugalla, ndipo akapanda kaskazini kuelekea Malagarasi na Ujiji. Njia hii ilikuwa ndefu kwa majuma kadhaa. Wapagazi walichoka, na katika kambi ya mto Gombe nusura wamwasi. Lakini walifika, na kabla ya mwisho wa mwaka Stanley alikuwa amekutana na Livingstone. Katika Uha alitozwa hongo mara kwa mara. Akaona mali yake itakwisha, akatoroka usiku na msafara wake ili asikutane na mtozaji mwingine. Neno hongo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Leo maana yake imeharibika ikawa rushwa. Hata hivyo mabadiliko ya neno yaonyesha jinsi mpitaji alivyoiona haki ya mwenye nchi.

Si wote waliopata bahati hiyo. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia safari ya ajabu. Tembo wanne wa India walishushwa karibu na Dar es Salaam ili ijaribiwe kama wanaweza kubeba mizigo mpaka Ziwa Tanganyika, na kama kwa msaada wao tembo wa Afrika wangeweza kufugwa. Kiongozi alikuwa Frederick Carter. Tembo karibu wote walikufa, na safari ikafika Karema, ambayo leo imo katika Mkoa wa Katavi, ikiwa imebakiwa na kidogo sana cha kuonyesha. Mwaka 1880 Carter aligeuka kurudi pwani akiwa na mwenziwe Cadenhead. Huko Mpimbwe walikuta kijiji walimofikia kinashambuliwa na majeshi ya Mirambo na ya Simba, mtawala mwingine wa vita wa upande huo. Wote wawili waliuawa. Walikuwa wamekwisha fika walikotaka kufika. Kilichobaki kilikuwa ni kutoka tu.

Kwa vipimo hivi sasa waweza kutazamwa michezo yenyewe. Nasaba yake si ndefu. Mwaka 1972 ndugu wawili wa Urusi, Arkady na Boris Strugatsky, walichapisha hadithi ya watu waingiao kwa siri katika eneo lililokatazwa ili kutoa vitu vya ajabu na kuviuza. Mwaka 2007 kampuni ya Kyiv, GSC Game World, ilitoa mchezo uitwao S.T.A.L.K.E.R., ikaliweka eneo la namna hiyo Chernobyl, ambako mtambo wa nyuklia ulilipuka mwaka 1986 na watu wakahamishwa. Mwaka 2016 mchezo uitwao The Division ulikuwa na mtaa ambamo mali iliyookotwa haikuwa ya mchezaji mpaka itolewe kwa ndege, na wengine wangeweza kumpokonya akingoja. Ndipo mwaka 2017 Battlestate Games ya St Petersburg ilipoanza kuwafungulia wachezaji Escape from Tarkov, na mchezo huo ukawa kama mama wa kabila zima. Toleo lake lililohesabiwa kuwa kamili lilitoka Novemba 2025.

Atafutaye ukali wa jambo ataukuta Tarkov zaidi ya kwingine. Damu ya mchezaji hutoka mpaka ifungwe, mguu uliovunjika humfanya achechemee, njaa na kiu humdhoofisha. Risasi hazihesabiwi kwa tarakimu mbele ya macho. Mwenye bunduki huikagua magazini yake akakisia. Uzito wa mfuko humpunguzia mbio na kumchosha. Milango mingine ya kutokea hutaka malipo, na anayekuta gari la kumtoa hulipa kwanza ndipo aondoke; hongo ya karne ya 19 imerudi katika mavazi mapya. Wako pia wachezaji wasiotafuta kitu cho chote ila kujificha karibu na mlango na kumngoja aliyechoka kuokota. Wenzao huwalaani kwamba wanaharibu mchezo. Msomaji wa habari za Ulyankulu hawezi kuwalaani kwa haraka hivyo, maana wao ndio wanaofanana zaidi na historia.

Hunt: Showdown, wa kampuni ya Kijerumani Crytek, uliofunguliwa mwaka 2018, una uhalisi wa namna nyingine. Umewekwa katika vinamasi vya Louisiana mwishoni mwa karne ya 19, na mawindo yake ni mazimwi, kwa hiyo aliyeshikilia ukweli wa kila kitu ataukataa mapema. Lakini bunduki zake ni za zama zile, hujazwa polepole, na kila mlio husikika mbali. Tena ina kanuni moja yenye hekima: aliyechukua zawadi ya mawindo huonekana mahali alipo katika ramani za wapinzani wake wote. Mwenye mzigo hafichiki. Msafara wa pembe nao haukufichika. Habari zake zilitangulia kijiji hata kijiji. Mwanafunzi wa historia ya pembe na magobori atajifunza hofu ya nyakati zile humu kuliko katika mchezo wenye bunduki za leo.

Gray Zone Warfare, wa kampuni ya MADFINGER Games ya Brno katika Ucheki, ulianza kuuzwa mwaka 2024 kabla haujakamilika. Nchi yake ni kisiwa kikubwa cha kubuni katika Asia ya Kusini-Mashariki, na mchezaji hutembea mwendo mrefu porini bila saa kumfukuza, huita helikopta ikaja kumchukua, na akiuawa aweza kurudi kuutafuta mwili wake achukue vitu vyake, kama hajatanguliwa. Umekaribia mwendo wa mrina asali: umbali, uvumilivu, na ukimya unaotisha kuliko mlio. Lakini hasara yake ni nyepesi, kwa kuwa waliokufa Mpimbwe hawakurudi kuchukua mizigo yao.

Kwa asiye na kompyuta yenye nguvu kuna Arena Breakout, uliotolewa kwa simu. Hununuliwi kwa fedha, nao umefuata nyayo za Tarkov kwa karibu sana. Hata hivyo wenye duka lake huuza vitu kwa fedha halisi, na kijana aliyepoteza mfuko wake mara tatu usiku mmoja hushawishika kununua wa nne. Mchezo ambao hasara yake hutibiwa kwa fedha ya mfukoni umeacha kuwa kivuli cha hasara, umekuwa hasara yenyewe. Anayeuchagua na ajiwekee mpaka kabla ya kuingia, kama msafara ulivyohesabu nguo na shanga zake kabla ya kuondoka Bagamoyo.

Mpaka hapa uchaguzi waonekana kuwa ni wa kupima uzito wa hasara na ugumu wa kutoka, na kwa kipimo hicho Tarkov ndio wa kwanza. Lakini liko swali moja ambalo historia ya Ugalla hulileta, na michezo yote minne hulijibu vibaya au hailijibu kabisa. Nchi ambamo mchezaji huingia ni tupu. Nyumba zipo, vitanda vipo, sufuria ziko jikoni, wenyewe hawapo. Kiswahili kina neno kwa mahali pa namna hiyo: mahame. Nani aliyahama, na kwa nini?

Msafiri apandaye treni Kaliua kwenda Mpanda huona msitu maili nyingi bila moshi wa nyumba, na ni rahisi kwake kusema kwamba nchi hii Mungu aliiumba bila watu. Ukweli ni mwingine. Vita vya pembe na watumwa vilivunja vijiji na kuwakusanya waliosalia ndani ya maboma. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na wanyama wa porini katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa kichaka, na kichaka kikaleta mbung'o. Wakati wa utawala wa Waingereza, katika miaka ya 1920 na 1930, ugonjwa wa malale ulifanya serikali iwahamishe watu waliotawanyika katika misitu ya magharibi na kuwaweka katika makao ya pamoja. Katikati ya miaka ya 1960 sehemu kubwa ya bonde la Ugalla ikawa pori la akiba, ambamo warina asali na wavuvi waliruhusiwa kwa vibali na kwa majira. Na mwaka 2019 ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Utupu huo ulitengenezwa kwa awamu, kila awamu kwa sababu yake, nyingine mbaya na nyingine zenye nia njema, na mwisho wake ukaitwa pori la asili.

Hata reli yenyewe ni ushahidi. Ilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kuyatoa madini ya Mpanda. Kampuni iliingia, ikachimba, ikatoa ilichotaka, na karibu na wakati wa uhuru mgodi ukafungwa. Madini makubwa ya mgodi huo yalikuwa risasi. Lugha imeyapa jina moja madini hayo na kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki, na kwa Mpanda jina hilo halikukosea: vyote viwili viliingia na kutoka, na wenyeji wakabaki na shimo.

Katika Tarkov mwenyeji aliyesalia yumo, lakini amechorwa kuwa mnyang'anyi avaaye matambara, wa kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Ndivyo wasafiri wengi wa karne ya 19 walivyowachora rugaruga. Waliandika juu ya bangi yao, nguo zao nyekundu na ukali wao; ni wachache waliouliza vijana hao walikuwa watoto wa nani kabla kijiji chao hakijachomwa. Pale Ulyankulu vitu vilivyookotwa na kikosi cha Soud vilikuwamo pembe na nguo, na walikuwamo wanawake na watoto wenye majina. Soud alichagua kuingia. Stanley alichagua, na Carter pia. Mtu wa Ulyankulu hakuchagua lo lote. Vita vilimkuta mlangoni mwake. Mchezo humpa kila mtu nafasi ya yule aliyechagua, na hapo ndipo uhalisi wake unapokoma, hata kama bunduki zimechorwa sawasawa mpaka msumari wa mwisho.

Je, hii ni sababu ya kuikataa michezo hiyo? Hapana. Bao halikukataliwa kwa sababu kete zake ni mateka. Lakini anayechagua achague akijua anachopewa na anachonyimwa. Anayetaka kujifunza hofu ya kutoka na kiasi cha kubeba achukue Tarkov, kama kompyuta yake na saa zake zinatosha. Na kama hazitoshi asione haya kuuacha, maana kujua la kuacha ndiyo nusu ya mchezo wenyewe. Mpenda historia atafaidika na Hunt: Showdown. Anayetaka kutembea porini na rafiki bila kupoteza usingizi atatosheka na Gray Zone Warfare. Na ye yote aliyechagua, mara kwa mara asimame katika chumba kimoja cha nchi ile tupu, mbele ya kitanda kisicho na mtu, ajiulize mwenye kitanda amekwenda wapi. Mchezo hautamjibu, ila historia itamjibu akiisoma.

Kwa Katavi jibu moja lipo wazi, nalo halihitaji nyaraka za kale. Mwaka 1972 mauaji yalitokea Burundi, na maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Tanzania. Walikuwa wametoka, na katika kutoka kwao hawakubeba pembe wala nguo. Wengi walibeba watoto tu. Serikali iliwapa misitu ya Mpanda iliyodhaniwa haina faida, wakaanzisha makazi ya Katumba, na miaka michache baadaye Mishamo. Na wengine waliwekwa Ulyankulu, jina lile lile la mwaka 1871. Waliufyeka msitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakajenga shule na makanisa. Baada ya miaka mingi zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na mwaka 2014 ugawaji wa vyeti vyao ukaanza.

Katika mchezo, aliyetoka mikono mitupu huhesabiwa kuwa ameambulia hasara. Kwa kipimo cha Katumba, huyo ndiye aliyeokoa kitu pekee kisichopatikana tena. Mahame yalipata wenyewe wapya, na moshi wa jikoni ukaonekana tena juu ya miombo.